Nyota nne kwa huduma ya usuluhishi wa talaka na malezi: uzoefu wangu

Huduma ninayoipitia hapa ni usuluhishi wa kifamilia: mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote anakaa na wanandoa wanaoachana, yanazungumzwa mambo ya watoto, nyumba, madeni na matunzo, kisha anaandika hati ya makubaliano ya kupelekwa mahakamani. Kifurushi nilichotumia kilikuwa na kikao cha awali cha kila mmoja peke yake, vikao vitatu vya pamoja vya dakika 90, na uandishi wa hati yenyewe.

Naipa nyota nne. Upole wa msuluhishi sikuuhesabu, maana watu huweza kuachana kwa tabasamu na karatasi mbovu, wakarudi kugombana kabla muhula wa shule haujaisha. Nilichokipima ni hati. Je, hakimu anaweza kuigeuza kuwa amri kama ilivyo? Na siku mmoja akiikiuka, kuna mstari wa kumwonyesha?

Kikao cha awali ndicho kinachotenganisha huduma ya maana na ya kubabaisha. Kila mzazi huulizwa peke yake, mwenzake akiwa hayupo: kuna kupigwa, vitisho, kufuatiliwa simu, kunyimwa pesa, kumwogopa mwenzako? Jibu likiwa ndiyo, usuluhishi unasimama na mhusika anaelekezwa kuomba zuio la mahakama, au, kwa hali nyepesi, kila mmoja anakaa chumba chake na msuluhishi anapita katikati. Huduma inayowaketisha meza moja tangu dakika ya kwanza bila mchujo huo ikwepeni. Anayeogopa hukubali chochote ili atoke chumbani, na makubaliano ya namna hiyo yanaweza kupingwa baadaye kwa hoja ya shinikizo.

Hapo hapo mnasaini mkataba wa kusuluhishwa. Usomeni, ni mfupi. Mambo mawili humo watu hawayaelewi vizuri. La kwanza, msuluhishi si wakili wa yeyote. Anaweza kueleza sheria inasemaje kwa jumla, lakini hakuambii kama unapunjwa. Ndiyo maana kabla ya kusaini hati ya mwisho kila mmoja anapaswa kuipeleka kwa wakili wake, hata kama ni kwa saa moja tu. La pili ni usiri. Mapendekezo mnayotoa mezani kwa kawaida hayatumiki dhidi yenu mahakamani mkishindwana, isipokuwa mtoto akionekana yuko hatarini. Lakini taarifa ya benki haigeuki siri kwa kuwa tu imewekwa mezani. Wapo wanaodhani wakiitaja akaunti kwenye usuluhishi basi hakimu hataisikia tena, wanakosea.

Kabla ya kikao cha pili tulitakiwa kuleta nyaraka, na orodha yao ilikuwa nzuri kuliko nyingi: taarifa za benki za miezi 12 kwa kila akaunti, miamala ya pesa za simu ya kipindi hicho hicho, hati tatu za mshahara za karibuni, hesabu za biashara za miaka miwili kwa anayejiajiri, salio la kila mkopo kwa tarehe moja, hati ya nyumba au kiwanja, kadi ya gari, na taarifa ya mafao ya uzeeni. Hiyo ya mwisho husahaulika sana, na kwa watu walioajiriwa miaka mingi huenda mafao yakawa na thamani kuliko samani zote zinazopigiwa kelele. Miamala ya simu nayo ina kazi yake: kipato cha biashara ndogo mara nyingi hakipiti benki kabisa. Udhaifu wa usuluhishi unaonekana hapa. Msuluhishi hana uwezo wa kumlazimisha mtu kufichua mali. Kama una sababu za kuamini mwenzako anahamisha mali kwa ndugu, usipoteze vikao. Nenda mahakamani, kwenye kiapo na amri ya kuleta nyaraka.

Nilichokipenda kuliko vyote ni jinsi neno "malezi" lilivyovunjwa vipande. Kwa Kiswahili tunasema fulani kapewa malezi na tunadhani tumemaliza, ilhali ndani ya neno hilo mna mambo matatu ambayo sheria huyatenga: mtoto analala wapi, nani anaamua mambo makubwa (shule, matibabu, dini, kuhama), na nani anachangia nini. Mzazi anaweza kuishi na mtoto siku nyingi bila kuwa na mamlaka ya kumhamisha shule peke yake. Wengine wanagombea jambo la kwanza kwa sababu wanaogopa kupoteza la pili. Msuluhishi alianza na la pili makusudi, na joto likashuka.

Tuisogelee hati yenyewe. Rasimu ya kwanza ya kifungu cha ratiba ilikuwa hivi:

"Baba atawaona watoto kila wiki ya pili mwishoni mwa juma, na wakati wa likizo kwa maelewano."

Inasomeka kistaarabu, lakini ni chujio, imejaa matundu. "Kila wiki ya pili" ni wiki moja ndani, moja nje, au ni wiki ya pili ya kila mwezi? "Atawaona" ni kuwaona mchana au ni kulala? "Mwishoni mwa juma" inaanza Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, na inaishia Jumapili au Jumatatu mlangoni mwa shule? Na "kwa maelewano" inarudisha uamuzi kwa watu wawili ambao wako pale kwa sababu wameshindwa kuelewana. Baada ya marekebisho kikawa:

"Watoto watalala kwa baba kila baada ya siku 14, kuanzia Ijumaa iliyotajwa kwenye kalenda iliyoambatishwa, 17:00, hadi Jumapili 18:00. Siku ya shule baba atawachukua shuleni. Siku isiyo ya shule atawachukua kwa mama. Jumapili mama atawafuata kwa baba. Anayechelewa atatoa taarifa kwa ujumbe wa maandishi kabla ya muda kufika."

Angalieni saa. Kwenye hati andikeni 17:00. "Saa 11" msomaji mmoja ataielewa kuwa jioni, mwingine, hasa aliye nje ya nchi au anayesoma tafsiri, ataiona ni saa tano asubuhi. Epukeni pia "wikendi ya kwanza na ya tatu ya mwezi". Mwezi wenye wikendi tano huacha wikendi mbili mfululizo bila zamu, na Jumamosi ikiangukia tarehe 1, Ijumaa yake ni ya mwezi uliopita. Hapo mtabishana ni wikendi ya mwezi gani. Siku 14 hazina ubishi huo.

Likizo nazo zinataka mwanzo na mwisho. Kwa kifungu chetu, likizo huanza 10:00 asubuhi ya siku inayofuata shule kufungwa na huisha 17:00 siku mbili kabla haijafunguliwa. Nusu ya kwanza ni ya mzazi mmoja katika miaka inayogawanyika kwa mbili, nusu ya pili katika miaka mingine. Idadi ya usiku ikiwa haigawanyiki sawa, wa ziada ni wa mwenye nusu ya kwanza. Sikukuu huwa juu ya likizo, likizo huwa juu ya ratiba ya kawaida. Mpangilio huo wa kipi kinashinda kipi uandikwe waziwazi, maana bila huo kila Desemba ni kesi mpya.

Hesabuni usiku, msihesabu siku. Ijumaa na Jumamosi kila baada ya siku 14 ni usiku 2 mara 26, yaani 52 kwa mwaka. Mkiongeza usiku wa Jumatano kila wiki mnafika 104. Mkisogeza mwisho hadi Jumatatu asubuhi bila Jumatano, ni 78. Tofauti hizo zina uzito wa pesa, kwa kuwa nchi kadhaa huhusisha matunzo na idadi ya usiku. Uingereza, kwa mfano, hesabu ya kiserikali huanza kumpunguzia mlipaji mtoto anapolala kwake usiku 52 kwa mwaka. Ndiyo sababu mtu anaweza kung'ang'ania Jumatano moja kwa nguvu isiyoeleweka.

Kwenye matunzo, kiasi kimoja cha mwezi hakitoshi kuandikwa. Hati iseme tarehe ya kulipa, njia yenye risiti, na gharama zisizo za kila mwezi: ada, sare, matibabu ya ghafla, meno, miwani. Kwa hizo, asilimia ya kila mzazi, kiwango ambacho juu yake lazima waulizane kwanza, na siku za kurudishiana baada ya risiti kutumwa. Siku 14 ni wastani mzuri. Wekeni pia namna ya kupandisha kiasi kila mwaka, la sivyo mfumuko wa bei utakila kimya kimya. Na mwandike kwa maneno makavu kwamba matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili. "Hajaleta pesa, hamwoni mtoto" na "simwoni mtoto, sitoi pesa" zote huwaumbua wasemaji wake mbele ya hakimu. Kitu kingine: mzazi hawezi kuisaini haki ya mtoto ya kutunzwa ikafutika. Kifungu cha "mama hatadai matunzo milele" mahakama nyingi hukikataa au hukipuuza.

Usafiri wa nje ulijadiliwa kwa dakika 15 tu, na kwa maoni yangu ni kidogo mno. Hati iseme nani anatunza pasipoti na cheti cha kuzaliwa, idhini ya maandishi iombwe siku ngapi kabla, na nini kiambatishwe (tiketi ya kwenda na kurudi, anwani, namba ya simu). Mkataba wa Hague wa 25 Oktoba 1980 husaidia kumrudisha mtoto aliye chini ya miaka 16 aliyechukuliwa au kuzuiliwa kinyume cha haki, lakini ni baina ya nchi zilizomo kwenye mkataba huo, na hauamui nani apewe malezi. Unamrudisha alikokuwa akiishi kwa kawaida ili mahakama ya huko iamue. Ombi likifunguliwa baada ya mwaka mmoja, upande wa pili unaweza kujitetea kwamba mtoto ameshazoea makazi mapya. Kwa hiyo anayesubiri "labda atarudi mwenyewe" anajichimbia shimo.

Kuhusu sauti ya mtoto, huduma ilitoa mtaalamu wa kuzungumza naye kando, si mbele ya wazazi. Sahihi kabisa. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto anayeweza kuunda maoni haki ya kusikilizwa, na maoni yake kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu. Haimpi mzigo wa kuchagua. Swali "unataka kukaa na nani?" lisiulizwe na yeyote. Unaweza kumuuliza nini kinamchosha kwenye ratiba, vitabu vyake vikae wapi, au rafiki gani hataki kumkosa.

Mali na madeni nitayapitia haraka, ila kwa onyo moja. Mkiandika "mkopo wa nyumba utalipwa na mume", benki haifungwi na maneno hayo. Mliosaini mkopo wote wawili mnaendelea kudaiwa wote wawili hadi benki ikubali kwa maandishi kumwondoa mmoja. Kwa hiyo kifungu kiwe na tarehe ya mwisho ya kuuhamisha mkopo na matokeo ikishindikana, kwa kawaida kuuza nyumba. Kumbukeni pia kwamba mgawanyo wa mali kwa kawaida ukishaamriwa ni mgumu kufunguliwa, wakati amri za watoto hubadilishwa hali ikibadilika. Anayesema "tukubali tu, tutarekebisha baadaye" awe anasema kuhusu ratiba, asiwe anasema kuhusu nyumba.

Sasa ile nyota iliyokosekana. Siku ya kusaini tuliambiwa kwamba "sasa hati hii ina nguvu". Haikuwa kweli bado. Hati iliyosainiwa na wazazi ni makubaliano. Inageuka kitu cha kukazia, yaani cha kumlazimisha anayekiuka akitekeleze, pale inapowasilishwa na mahakama kuipitisha kuwa amri kwa ridhaa, na kwa upande wa watoto hakimu ana haki ya kuikataa akiona haizingatii maslahi yao. Kati ya saini na amri kuna wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na hati haikuwa na kifungu hata kimoja cha kipindi hicho: nani anakaa nyumbani, nani analipa kodi na ada. Ilibidi iongezwe kurasa mbili, na kikao cha kuziongeza kililipiwa kando. Kalenda ya kiambatisho nayo ilikuja ya mwaka mmoja tu. Ombeni ya miaka miwili.

Mkienda, mwambieni msuluhishi tangu mwanzo kwamba mnataka vifungu vya kipindi cha mpito ndani ya bei ya kifurushi, na faili la hati linaloweza kuhaririwa, si picha yake. Amri ikitoka, chukueni nakala zilizothibitishwa nne: moja kwa kila mzazi, moja ya shule, na moja ya kukaa pamoja na pasipoti ya mtoto.