Rejeta ya gari la zamani: ipi ununue ukiwa Tanga, na ipi uiache dukani

Ukiingia duka la spea pale Ngamiani ukasema unataka rejeta, utaulizwa kwanza: "Bosi, unataka ya bei gani?" Muuzaji hana kosa, ndivyo wateja walivyomzoesha. Lakini kabla ya bei kuna maswali mawili: gari lako ni otomatiki au gia za mkono? Na rejeta iliyotoka ina matanki ya plastiki au ya shaba? Ukiyajibu hayo, nusu ya rejeta zilizotundikwa ukutani zinajitoa zenyewe.

Gari ninazozizungumzia ni zile tunazoendesha hapa: Carina Ti, Corolla 110, Mark II, Noah za kwanza, Escudo, Hiace za injini ya dizeli za 3L na 5L, na Land Cruiser na Land Rover za huko mashambani. Nyingi zimevuka miaka 20. Zinakaa kwenye joto la pwani na hewa ya chumvi mwaka mzima, halafu siku ya harusi au msiba zinajazwa watu zikapandishwe Lushoto. Rejeta inayotosha kwa safari za Chumbageni na Raskazone haitoshi lazima kwa mlima ule.

Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni rejeta. Gari linalochemsha ukiwa foleni lakini likatulia ukikimbia barabara ya Pongwe, mara nyingi shida ni feni. Linalochemsha ukikimbia ndilo la kushuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, utazame mdomoni. Vipovu vikitoka mfululizo bila kukoma, shuku gasketi ya silinda hedi, na hapo rejeta mpya itakuwa pesa ya bure. Na fundi akikwambia "tutoe themostati tu, Tanga joto," mkatalie. Kuna injini ambazo ukitoa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, sehemu ya maji inarudi kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha.

Sasa tuje kwenye zenyewe. Nazipanga kwa mtu mwenye gari dogo la otomatiki, maana ndio wengi. Wa gia za mkono na wa rejeta za shaba nitawafikia.

Namba moja: mpya, ya kiwanda chenye jina

Hapa nina maana ya rejeta kama za Denso au Koyorad, kampuni za Japani zinazotengeneza rejeta miaka yote, na Denso ndiyo iliyowatengenezea Toyota nyingi za kiwandani. Mwili wake ni alumini, matanki ni plastiki nyeusi, katikati pana mpira mwembamba wa kuzuia maji, na ukingo wa alumini umekunjwa meno meno kulibana tanki. Bei yake inauma, ila ni chini ya ile ya boksi lenye jina la Toyota, na kazi inayofanya ni ileile au karibu sana na hiyo.

Shida ni moja: boksi haliaminiki. Boksi linachapwa popote. Kwa hiyo toa rejeta nje, uikague kama utakavyokagua kopi, maelezo yake nayatoa hapo chini. Ikiwa Tanga haipo, wauzaji wengi wataagiza Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, ikaja na basi kesho yake. Kubali, lakini malizia malipo ukiwa umeishika mkononi, kwa sababu tanki la plastiki likigongwa kwenye buti la basi linapata ufa usioonekana kwa jicho.

Namba mbili: jenuini ya wakala

Ubora wa hii, yaani yenye jina la kampuni ya gari lenyewe, hauna mjadala. Nimeishusha kwa sababu ya hesabu tu: Carina ya mwaka 1998 inayotegemea bahati barabarani haihitaji rejeta itakayoishi kuliko bodi. Lakini kama ni Land Cruiser unayoitegemea kwa kazi, au gari umelitengeneza vizuri na huna mpango wa kuliuza, ipandishe iwe ya kwanza. Namba za rejeta za Toyota huanza na 16400, kisha kistari na tarakimu nyingine tano. Mpe muuzaji namba ya chesisi aitafute kwa namba, asikutafutie kwa kukisia kwamba "hii inaingia, bosi, zote ni injini ya 5A."

Namba tatu: kopi isiyo na jina, ukijua kuchagua

Hii ndiyo inayouzwa zaidi, na siidharau. Kuna kopi nzuri na kuna takataka, zote zimekaa rafu moja, na tofauti ya bei kati yao ni ndogo. Nenda na rula, na rejeta yako ya zamani mkononi.

Pima unene wa mwili wa katikati, yaani ule wenye mapezi (vile vibati vyembamba vya kutolea joto), bila matanki. Gari dogo la petroli mara nyingi huwa na milimita 16. Ukikuta za aina moja, nyingine 16 na nyingine 26, na ile nene inaingia bila kugusa feni, chukua nene ikiwa unapanda Soni, njia ya Lushoto, mara kwa mara. Kwa Hiace ya dizeli inayobeba abiria, sithubutu kushusha unene chini ya ule iliyokuja nao. Mtu atakwambia "maji yanapita vilevile." Yanapita, ndiyo, ila joto halitoki vilevile.

Kisha tazama mapezi. Yawe yamebanana na yamenyooka, na ukilinganisha na ya zamani yasiwe machache kwa kila sentimita. Kopi hafifu hujulikana hapo: nafasi kati ya mapezi ni kubwa, alumini yake ni laini mno kiasi kwamba kidole kikipita kinaacha mstari. Pitisha ukucha kwenye meno yaliyobana tanki, kona zote nne. Jino moja likiwa limeinuka, maji yatajitokeza pale siku mlima utakapopandisha presha.

Mwisho weka kifuniko chako kwenye mdomo wake. Kikicheza au kikigoma kufika mwisho, mdomo haukutengenezwa sawasawa. Angalia pia masikio ya kufungia feni na kava lake. Fundi akishaanza kutoboa plastiki ili feni ikae, umenunua tatizo jipya.

Namba nne: mtumba kutoka Japani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza gia boksi.

Kwenye gari la otomatiki, oili ya gia nayo inapozwa na rejeta. Ukichungulia chini utaona mabomba mawili membamba yanayoingia tanki la chini. Ndani ya tanki hilo kuna kipoza oili kilichozama kwenye maji, na kati ya maji na oili kuna ukuta mwembamba tu. Ukuta huo ukitoboka, nje huoni tone. Injini ikiwa inafanya kazi oili inasukumwa kuingia kwenye maji. Ukizima, maji ya moto yaliyobaki na presha yanasukumwa kuingia kwenye gia. Vyuma vya gia vinaweza kuvumilia, lakini vile visahani vyenye gundi havivumilii maji: gundi inaachia, gia zinaanza kuteleza, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili unakuta rojo la rangi ya pinki, limejaa povu. Bei ya gia boksi kwa gari hizi unaijua. Ndiyo maana mtumba naushusha hadi namba nne kwa otomatiki, hata ukiwa msafi wa kung'aa.

Ukilazimika kuununua, upeleke kwa fundi rejeta kabla ya kulipa, au kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwenye risiti kwamba ikivuja unarudisha. Fundi aizibe mdomo na mabomba, aitie upepo kama bar 1, aizamishe kwenye pipa la maji. Hilo wanalifanya wote. La pili wengi hawalifanyi mpaka uwaambie: rejeta ijazwe maji, mdomo uachwe wazi, bomba moja jembamba lizibwe, na upepo utiwe kwenye lile la pili. Vipovu vikitoka mdomoni, mrudishie muuzaji ukiwa na mikono safi.

Kwa macho pia kuna ya kuona. Tanki la juu likiwa limeacha weusi na kuwa la rangi ya kahawia, plastiki imepikwa muda mrefu na itapasuka, kwa kawaida shingoni panapoingia mpira wa juu. Mulika tochi ya simu mdomoni: vichwa vya mirija viwe wazi. Ukiona utando mweupe mgumu, au chembe zinazong'aa zilizoganda, mwenye gari wa kwanza alimwaga dawa ya kuziba. Kisha bonyeza mapezi kwa kidole upande wa chini. Yakimeguka kuwa unga, chumvi imeshaingia. Japani kwenye mikoa ya theluji humwaga chumvi barabarani, kwa hiyo mtumba unaweza kufika bandarini ukiwa umeshaliwa hata kabla ya kuonja upepo wa Sahare.

Gari la gia za mkono halina hatari hiyo ya oili. Kwake mtumba mzuri uliopimwa naupandisha juu ya kopi isiyo na jina. Ila usiue pesa kununua yenye mabomba ya oili wakati huyahitaji. Na usikubali kamwe kinyume chake, rejeta ya gia za mkono kwenye otomatiki, eti "oili tutaizungusha kwa mpira." Wapo wanaofanya hivyo, mlima wa kwanza unawaumbua.

Wenye rejeta za shaba

Land Rover za zamani, Land Cruiser nyingi za zamani na baadhi ya malori yana rejeta za shaba, matanki yamefungwa kwa lehemu. Nyinyi orodha ya juu haiwahusu. Rejeta yenu msiitupe. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko alumini, na kubwa zaidi, inafunguka: fundi anayeyusha lehemu, anatoa tanki, anapitisha chuma chembamba kwenye kila mrija, anarudisha. Ikiwa mirija imechoka, anaweka mwili mpya wa katikati na matanki yanabaki yaleyale. Kazi hiyo ikifanywa na fundi anayeijua, kwangu inaishinda kopi ya alumini na plastiki inayouzwa kwa gari hizo. Kitu cha kumkatalia ni kuziba mirija inayovuja kwa kuibana na kuilehemu. Mmoja au miwili sawa, lakini akishafika mitano rejeta imepungua.

Zile za alumini tupu zinazochomelewa kwa oda, mimi naziweka pembeni. Nzuri zipo, lakini chomeleo la alumini linataka mashine na mkono, na kuijua kazi yake ni mpaka itembee.

Gundi ya kuziba plastiki iliyopasuka siipangi namba. Ni ya kukufikisha Segera ukutane na basi.

Vya kununua pamoja nayo

Kifuniko kipya, kila mara. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha. Kwenye 0.9 maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118 ukiwa usawa wa bahari, wakati bila presha yanachemka 100, na kule Lushoto karibu mita 1,400 juu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea peke yake kinatosha kukusimamisha njiani kutoka Mombo. Ila gari la 0.9 lisivikwe 1.1 eti ndiyo imara. Presha ya ziada inatafuta penye udhaifu.

Mipira miwili na klipu zake, ikiwa imevimba au imelainika. Na mfumo usafishwe kabla ya kufunga, la sivyo kutu ya injini itahamia kwenye rejeta mpya ndani ya wiki chache.

Maji ya kisima yasiguse. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi ndani ya alumini haikawii. Ya bomba, yale yanayotoka bwawa la Mabayani, ni afadhali wakati wa dharura. La kudumu ni kulanti, yaani maji ya dawa ya rejeta, iliyochanganywa tayari, au ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri. Uwe mwangalifu dukani: ni yale ya kuongezea, siyo makali yenye asidi. Kulanti ni tamu kuonja na ni sumu, hivyo iliyomwagwa isibaki kwenye beseni uani penye watoto na kuku.

Jambo la mwisho ni la pesa. Ukimaliza kufungiwa, fundi atasema kwa upole, "Kaka, hii ya zamani niachie tu." Ya plastiki na alumini mwachie ukipenda. Ya shaba inanunuliwa kwa kilo na wauza vyuma chakavu, na ni nzito. Aipime, au aikate kwenye ufundi wake.