Lakrosi ya sekondari Baltimore: karo ya shule binafsi inanunua nini?

Mzazi anayehamia viunga vya Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, na mtoto anayependa lakrosi (mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo zenye wavu) huambiwa mapema kwamba bila shule binafsi hakuna mchezo. Kwa wavulana, ligi ya shule binafsi za wavulana, MIAA, katika daraja lake la juu, A, kweli ina nguvu kuliko ligi yoyote ya shule za umma za Maryland. Humo zimo McDonogh, Calvert Hall, Boys' Latin, Gilman, Loyola Blakefield, St. Paul's na St. Mary's ya Annapolis, na hakuna wiki ya kupumua. Lakini nguvu ya ligi ni jambo moja, na faida atakayoipata mtoto wako ni jingine kabisa. Karo hulipwa kwa ajili ya hilo la pili.

Timu za pande hizi mbili hazikutani kwenye mtoano. Shule za umma hucheza ubingwa wa jimbo chini ya chama chao cha michezo, MPSSAA, zikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi kuanzia 1A hadi 4A, na MIAA ina kombe lake. Kwa hiyo "bingwa wa jimbo" Maryland maana yake ni bingwa wa shule za umma. Vipimo vya kulinganisha ni mechi chache za msimu wa kawaida na orodha ya timu bora ya gazeti la The Baltimore Sun, inayochanganya pande zote mbili.

Ukitazama mechi hizo, usiwaangalie washambuliaji watatu wa mbele. Shule nzuri ya umma huwa nao, na pengine mmoja wao ndiye bora uwanjani. Angalia benchi la viungo. Wavulana hucheza kumi kila upande, robo nne za dakika 12, na viungo ndio wanaokimbia uwanja mzima, kwa hiyo hubadilishwa watatu watatu. Timu ya umma mara nyingi ina safu moja kali na ya pili ya kuridhisha. Timu ya daraja A ina mbili kali na ya tatu isiyoaibisha, pamoja na viungo wa kukaba tu na beki wa fimbo ndefu anayepanda hadi kati. Robo ya kwanza na ya pili huwa sawa kwa sawa. Katika robo ya tatu miguu ya upande mmoja inaanza kuchelewa kurudi, na hapo mabao matatu huingia ndani ya dakika mbili.

Sehemu ya pili ya pengo ni mpambano wa kuanzisha mpira katikati. Kwa wavulana hurudiwa baada ya karibu kila bao, kwa hiyo timu inayoushinda mara nyingi inaweza kufunga tena kabla mpinzani hajaugusa mpira. Kazi hiyo ni ya mtaalamu mmoja. Shule ya umma humpata anapotokea mtaani kwake, ilhali shule binafsi humtafuta.

Neno ni hilo, kutafuta. Shule ya umma huchukua wanaoishi katika eneo lake. Shule binafsi haina mpaka, na ina misaada ya karo ya kumvuta mtoto wa kaunti ya tatu. Pia baadhi ya familia humtaka mtoto arudie darasa la nane anapohamia shule binafsi, ili afike mwaka wa mwisho akiwa mkubwa kwa mwaka mzima. Katika mchezo wa kugongana, kijana wa miaka 19 dhidi ya wa 17 ni tofauti ya kilo na ya mfupa. Ongeza msimu wa shule binafsi unaoanza Februari wakati shule za umma husubiri hadi karibu tarehe 1 Machi, na utaelewa kwa nini mechi za mwezi wa tatu huwa za upande mmoja zaidi kuliko za mwezi wa tano.

Sasa bei. Karo ya shule huru nyingi za Baltimore, yaani binafsi zinazojisimamia zenyewe, imepita dola 30,000 kwa mwaka. Za Kikatoliki kwa kawaida ni nafuu, ila si rahisi. Kwa fedha hizo unapata masomo, viwanja vizuri, makocha wasaidizi wengi na mazoezi dhidi ya wachezaji wakali kila siku. Dakika za kucheza haziuzwi. Mtoto aliye wa 25 katika kikosi cha daraja A anaweza kumaliza misimu miwili bila kucheza robo ya nne yenye ushindani. Mtoto huyo huyo katika shule za umma kama Severna Park, Broadneck, Dulaney au Towson angepigania nafasi ya kuanza, mbele ya mashabiki wengi.

Severna Park ndiyo hoja bora dhidi ya wanaodharau shule za umma. Wavulana wake walibeba ubingwa wa jimbo mfululizo 2016 hadi 2019, na hawakuishia hapo. Siri yake ni klabu ya watoto ya mtaa, Green Hornets: watoto hushika fimbo pamoja wangali wadogo, kisha hufika sekondari wakijuana. Gharama yake imejificha kwenye bei ya nyumba. Ndani ya Jiji la Baltimore hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa watoto wengi huanza wakiwa wamechelewa. Kazi ya Harlem Lacrosse, shirika la hisani linalofundisha lakrosi, katika shule za jiji inastahili sifa kubwa kuliko inazopewa.

Wala isidhaniwe kuwa ubora wa shule binafsi ni kanuni ya kila mahali. Long Island, New York, ina shule binafsi za Chaminade na St. Anthony's, lakini Ward Melville, Garden City na Manhasset, zote za umma, haziwaogopi. Huko shule za umma huwa na timu kuanzia darasa la saba, hivyo kazi ya kulea hufanywa na shule yenyewe.

Kwa wasichana, McDonogh ilishinda mechi 198 mfululizo kabla ya kupoteza mwaka 2018. Hata hivyo mchezo wao hauna kugongana kwa mwili, na msichana mwenye mikono mizuri kutoka shule ya umma huziba pengo haraka.

Anayelipa karo kwa tamaa ya udhamini wa chuo apige hesabu upya. Makocha wa vyuo vya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kabla ya tarehe 1 Septemba ya darasa la 11, na wengi humwona kwanza kwenye mashindano ya klabu ya kiangazi. Kwa miaka mingi chuo kiligawa udhamini kamili 12.6 tu kwa kikosi kizima cha wanaume, hivyo wengi walipata vipande. Vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikuu mashuhuri kama Harvard na Yale, havitoi udhamini wa michezo kabisa.

Vifaa ni mzigo wa pande zote mbili: kwa mvulana tenga takribani dola 500 hadi 900. Kinga ya mabega lazima iwe na alama ya NOCSAE ND200, kiwango cha usalama cha kulinda kifua, iliyoanza kudaiwa 2022, kwa hiyo ya mtumba ya zamani haitapita. Kofia ya mtumba ikaguliwe nyufa karibu na skrubu za kizuizi cha uso.

Kabla ya kusaini popote, muulize kocha maswali matatu. Wangapi wako kwenye kikosi cha kwanza? Wangapi wa darasa la tisa na la kumi wanacheza nafasi ya mtoto wako? Timu ya pili ina mechi ngapi kwa msimu? Kisha nenda ukatazame mechi ya hiyo timu ya pili, kwa sababu huko ndiko mtoto atakakokaa mwaka wa kwanza na wa pili. Ukimkuta kocha wake akiwazungusha watoto wote hadi robo ya nne, hiyo ni alama nzuri, awe wa shule ya umma au ya binafsi.