Panya kwenye gari lililoegeshwa: nunua nini, acha nini

Masika yakishika Aprili na Mei, magari mengi ya utalii Arusha hulazwa uani. Hapo ndipo panya wanapohamia. Sponji ya chini ya boneti wanaifanya godoro, njia ya hewa ya feni inakuwa chumba cha kuzalia, na waya zinatafunwa kwa sababu meno yao ya mbele hayaachi kukua. Hela yako ianze kwenye kuziba, ifuate kwenye kutega. Vya kufukuzia viwe mwisho.

Namba moja ni wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6, unaokatwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Muuzaji akikupa wavu wa banda la kuku, mrudishie. Panya mdogo hupita kwenye tundu linaloingia penseli. Funika mdomo wa hewa ulio chini ya waipa, kisha lala chini ya gari na tochi. Kwenye gari la kambi, angalia hasa bomba la sinki na mpira wa gesi vinapotobolea sakafu. Upenyo uliobaki pembeni mwake shindilia stilwaya ya kusugulia sufuria, juu yake paka silikoni. Stilwaya isikaribie betri wala njia ya hewa ya injini: hunyofoka, na injini itafyonza vipande.

Namba mbili, mtego wa kubana. Ni rahisi, kwa hiyo chukua kadhaa. Uweke ukutani karibu na tairi, maana panya hutembea akiambaa ukuta. Chambo kiwe dagaa aliyefungwa kwa uzi, la sivyo ataondoka naye. Siku za kwanza uache bila kuutega, aizoee sura yake.

Tepu ya pilipili inayouzwa na Honda naiweka ya tatu. Inalinda waya ulioviringishiwa tepu hiyo, basi. Kiota kitajengwa pembeni yake. Inafaa kwa waya uliokwisha kutafunwa na kuungwa.

Mtego wa gundi? Vumbi la uani huimaliza, na mara nyingi utanasa mijusi.

Sumu mimi siinunui kwa ajili ya gari. Zile za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, na panya anaweza kufia ndani ya dashibodi. Paka akimla, naye yuko hatarini. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini, nayo iache: mvuke wake ndani ya gari lililofungwa ni hatari, zaidi kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyo ya kawaida kwenye maeneo yenye malaria.

Mkiani kabisa ni vidude vya sauti isiyosikika. Sauti hiyo haipenyi vitu vigumu, na chini ya boneti ni vyuma vitupu. Panya pia huizoea. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.