Fildi ya ualimu Ufini, wiki 8 shule ya msingi: uzoefu wangu, nyota zangu na pesa ilivyonitesa

Wadogo zangu wa chuo wamenijazia voisi noti wasap wanauliza hii fildi, yaani mazoezi ya kufundisha, ya Ufini ikoje, pesa inatosha, baridi inaua au haiui, nimeona niandike mara moja nipumzike. Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu. Fildi ya kwanza nilifanya shule ya msingi moja nje kidogo ya Morogoro mjini, darasa la tatu, watoto 94 na madawati ishirini na kitu. Ya pili ndo hii, nikapelekwa Joensuu, mji mdogo mashariki mwa Ufini, kutoka Helsinki ni treni ya kama masaa manne na nusu, kwa ule mpango wa Erasmus+, wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Januari mpaka Machi, wiki 8 ndani ya shule.

Nyota zangu: shule 4 kwa 5. Waandaaji 2, na hiyo ya pili nimewapa kwa sababu walikuja kunipokea stesheni.

Naanza na hao hao waandaaji maana ndo wananiuma. Tangazo lilisema "utafundisha kwa Kiingereza". Mimi nikaandaa maandalio ya masomo 12, nikakata manila, nikachora zana, nikazipanga kwenye begi la kilo 23 zikala nafasi ya masweta. Kufika napangiwa darasa la pili. Kule mtoto anaanza la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7 kwa hiyo hawa ni watoto wa miaka 8, na ni kweli tangu 2020 lugha ya kigeni wanaanza nayo darasa la kwanza, ila kwa hawa wangu kiasi walichokuwa wanakijua ni rangi, namba na wimbo mmoja wa wanyama. Vingine vyote Kifini. Hesabu Kifini, mazingira Kifini, kugombana Kifini. Wiki mbili za kwanza nimekaa nyuma ya darasa kama mtu aliyeingia msiba usio wake, anaona wenzake wanalia hajui ashike wapi.

Na pesa. Ruzuku ya Erasmus+ kwa Ufini ni yuro 900 kwa mwezi, ukiisikia ukiwa Moro unaona umetajirika. Chumba changu kilikuwa yuro 310, choo na jiko tunachangia, chakula cha mchana chuoni kwa bei ya mwanafunzi kilikuwa hakifiki yuro 3, kwa hiyo ukijibana inakaa vizuri tu. Tatizo hiyo ruzuku iliingia wiki ya tatu! Naandika barua pepe, najibiwa "inashughulikiwa", naandika tena, "mhusika yuko likizo". Bila dada mmoja Mkenya anayesoma mambo ya misitu pale kunikopesha yuro 200 na sufuria sijui ingekuwaje. Kwa hiyo cha kwanza kabisa nenda na hela yako ya mwezi mzima hata kama ni ya kukopa kwa mjomba, usitegemee ya kwao.

Haya sasa shule yenyewe.

Siku ya kwanza nimefika giza totoro, saa mbili na nusu asubuhi, Januari kule jua linachomoza baada ya saa tatu na saa tisa linaanza kuzama, unaingia kazini usiku unatoka jioni. Mlangoni watoto wote wanavua viatu wanabaki na soksi, walimu wana viatu vyao vya ndani. Mimi hakuna aliyeniambia. Soksi yangu ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba. Basi ndo hivyo nimetambulishwa darasani kidole kiko nje, watoto 21 wananiangalia mguu, na hakuna hata mmoja aliyecheka, sijui ni adabu au ni yale maisha yao ya kukausha.

Salamu usitegemee. Mwalimu wanamwita kwa jina lake la kwanza kavu, au "ope", ndo kifupi cha mwalimu kwa Kifini. Mtoto anakuja anakugusa mkono, "ope, ope". Mimi nimezoea darasa zima linasimama na shikamoo mwaliiimu mpaka bati linatikisika, siku za mwanzo nilikuwa najisikia kama nimevuliwa kitu. Na ofisi ya walimu usiseme. Siku ya kwanza nilizunguka kumpa kila mtu mkono, habari za asubuhi, habari za nyumbani, mwalimu mmoja wa kiume akanipa mkono huku anatafuta kwa macho pa kuweka kikombe. Siku ya tatu nikaacha, nikajifunza kuingia, kumimina kahawa, kukaa kimya. Na kahawa wanakunywa hao! Baadaye ndo nikagundua ule ukimya hawana ubaya nao. Kuna mama mmoja tulikaa naye meza moja wiki tatu hajanena kitu, siku moja akaniletea soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Nadhani habari ya tundu ilifika.

Ratiba yao: kipindi dakika 45 halafu mapumziko dakika 15, na mapumziko ni NJE. Siyo hiari. Siku tuliyoamkia nyuzi 18 chini ya sifuri nikasema leo hawatoki, wakatoka. Wanavaa suruali nene, kofia, glovu, buti, wenyewe, miaka 8, mimi nilikuwa wa mwisho kila siku na zipu yangu. Wakirudi vitu vilivyolowa vinaingia kwenye kabati la kukaushia lenye joto. Mwalimu wa zamu anavaa kizibao cha njano kinachong'aa anasimama uwanjani, na mwanafunzi wa fildi naye anapangiwa zamu, kwa hiyo wanaouliza kama baridi inaua, haiui, ila kope zinashikana ukipepesa macho. Siongezi chumvi.

Mwalimu wangu mlezi ni mama wa miaka hamsini hivi, sauti yake ndogo kama anaongea na mgonjwa. Siku moja katikati ya kipindi mtoto kachukua kitabu chake kaingia chini ya meza, kalala kifudifudi, anasoma. Mimi nikamwangalia mwalimu, nasubiri. Hakufanya kitu. Kipindi kikaisha, mtoto akatoka na jibu sahihi. Nikamuuliza mwalimu kwa nini umemwacha, akasema "alikuwa anasoma". Yaani mimi kichwani mwangu tayari nilishamsimamisha mbele ya darasa. Mambo ya fimbo usiyataje hata kwa utani, kule tangu sheria ya 1983 hata mzazi nyumbani kwake haruhusiwi kumchapa mtoto, na nilipowaeleza kwamba kwetu viboko vipo kisheria ila visizidi vinne na kwa idhini ya mwalimu mkuu, meza nzima ikaacha kutafuna. Nikajikuta natetea, mara watoto 94, mara mwalimu mmoja, halafu katikati ya sentensi nikanyamaza kwa sababu nilikumbuka mtoto niliyemchapa mimi mwenyewe fildi ya kwanza. Kosa lake alikuwa amechelewa. Anatoka mbali.

Kuna siku niliuliza mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anakuja lini ili nijiandae, ikabidi nieleze mthibiti ubora ni nani. Mambo ya wakaguzi wa shule waliyafuta miaka ya tisini mwanzoni. Mwalimu lazima awe na shahada ya uzamili halafu wanamwacha na darasa lake. Mawasiliano na wazazi yote yanapita kwenye mfumo unaitwa Wilma, mtoto asipofika asubuhi mzazi anajua muda ule ule, kule kwetu mtoto anaweza kula kona wiki nzima baba anajua yuko shule.

Chakula. Tangu 1948 watoto wote wanakula bure shuleni, chakula cha moto, saa tano asubuhi watu washapanga foleni. Viazi, samaki, maziwa, mkate mkavu unaovunjika kama bisikuti, na karoti mbichi. Alhamisi supu ya njegere mpaka nikaijua kwa harufu kutoka korido. Chumvi kidogo, pilipili hakuna, nilitembea na yangu ya unga kwenye mkebe wa vidonge. Kitu kimoja tu kilichonishinda kuacha ni vichapati vya mchicha vya kijani, wanakula na jamu ya matunda mekundu makali ya porini. Watoto wanavigombania na mimi niligombania.

Michezo ya Februari ni kuteleza kwenye barafu. Siku yangu ya kwanza nilishika kile kiti cha plastiki cha kujifunzia kinachoshikwa na watoto wadogo, mtoto mmoja wa kike ananisukuma kutoka nyuma ananiambia "down, down" maana ndo Kiingereza alichokuwa nacho, nadhani alitaka nikunje magoti, nilielewa nianguke, nikaanguka. Wiki nzima nakaa upande mmoja.

Sasa kitu kilichofanya niwape nyota nne. Wiki ya tatu mwalimu wa darasa la wageni akanifuata. Hili ni darasa la watoto waliotoka nchi nyingine, kwa kawaida wanakaa kama mwaka wakiandaliwa Kifini kabla ya kuingia madarasa ya kawaida. Kasikia mimi naongea Kiswahili, ana mtoto wa Kikongo, familia ililetwa kama wakimbizi, hesabu haziendi na haongei kabisa. Nikaenda. Nimekaa pembeni yake nikasema hujambo. Akanikodolea macho, akaangalia mlango, akarudi kwangu, "Mwalimu, unasemaka Swahili?"

Ilikuwa 52 kutoa 17. Akaniuliza, "Hapa natosha saba?" Nikamjibu haitoshi, mbili haitoshi, kakope kwa tano. Akafuta. Akaandika tena, "natosha saba?" Nikasema haitoshiii. Anafuta, karatasi inaanza kuchanika. Dakika kumi tuko hapo, mtoto machozi yanalenga, mimi nawaza huyu kweli uwezo hana. Mpaka akavua kofia yake kwa hasira akaiweka mezani akasema "Natosha kofia! Natosha!" Ndo nikaelewa. Kwao kutosha ni kutoa, kuvua, kuondoa. Muda wote ananiuliza nitoe saba na mimi namwambia haitoshi, yeye anasikia haitoki. Nilicheka mpaka mwalimu akaja kuangalia, na mtoto naye akacheka, meno mawili ya mbele hana.

Kuanzia hapo kila siku nilikuwa naye saa moja. Hesabu alikuwa anazijua tangu zamani. Mimi namwelekeza kwa Kiswahili, tunatafuta neno la Kifini wote wawili, yeye analishika kabla yangu, kufika mwisho wa Februari ndo alikuwa ananifundisha mimi kuhesabu Kifini na ananisahihisha bila huruma. Zile manila zangu za Kiingereza tulizigeuza nyuma tukaandikia Kiswahili cha kwao, cha kwetu na Kifini. Kazi pekee niliyofanya kule ambayo bila mimi isingefanyika ni hiyo, na kwenye lile tangazo hakuna mahali waliponiuliza unajua lugha gani nyingine.

Tathmini sasa, hii mjiandae nayo. Kwetu mnajua, mhadhiri anakuja bila taarifa anakaa nyuma na fomu, alama kwa 100, mkono unatetemeka na chaki. Kule mwalimu mlezi alinikalisha na kahawa akaniuliza, "wewe mwenyewe unaonaje?" Nikajua ni mtego. Nikajisifia kidogo, akasubiri. Nikaendelea kusema, akasubiri tu, mpaka nikajikuta nasema ya ukweli, kwamba nafundisha haraka kwa sababu ya kuogopa kimya, swali nauliza na jibu natoa mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa akaandika. Nzuri. Ila fomu ya chuo chetu inataka namba, kuna kipengele cha matumizi ya ubao, kuna cha udhibiti wa darasa, yeye akagoma kuweka namba, akaandika kurasa mbili za maelezo. Nimerudi nazo ofisi husika ikasema bila alama hawawezi kuingiza, miezi miwili nimezungushwa dirisha hili dirisha lile, mwisho tukamwomba yule mwalimu mlezi kwa barua pepe akaweka 80 kila mahali, mstari kwa mstari, na ya ubao pia, wakati ubao wenyewe sikuwahi kuugusa. Wakapokea.

Kama wewe ni wa kutaka kusimama mbele na kufundisha, usiende, utaumia, baki hapa watoto wapo na mwalimu hayupo. Kama unaweza kukaa kimya mwezi mzima unaangalia mtu mwingine anavyofanya kazi, nenda, na uliza mapema kama wana darasa la wageni, usisubiri wakuone. Omba madarasa ya tano na la sita kama unataka Kiingereza, hao mnaelewana. Beba cheti cha polisi cha tabia njema, mimi niliombwa na nilikuwa nimekiacha nyumbani. Beba soksi nzima.

Mimi ningerudi, ndiyo, hata kesho, ila siyo kwa waandaaji wale wale.

Buti ninazo, namba 39, za manyoya ndani, zimevaliwa miezi miwili tu, huku Moro hazina kazi zaidi ya kufugia mende. Anayeenda Januari anitafute, bei tutaongea.