Picha inakatika vipande? Ukiwa Tanga, nunua hivi kabla ya kununua televisheni

Tangu mitambo ya analojia izimwe hapa Tanga mwanzoni mwa 2013, chenga tumezisahau. Siku hizi ugonjwa ni mwingine: picha inaganda, inakatika vipande vya mraba, sauti inakwaruza, halafu kioo cheusi. Enzi za analojia mawimbi yakiwa hafifu uliona chenga, lakini mpira uliufuata hadi mwisho. Dijitali haina huruma hiyo. King'amuzi husahihisha makosa ya mawimbi hadi kikomo fulani, na yakizidi hapo picha inatoweka mara moja. Ndiyo maana watu wengi wanaamini televisheni imekufa.

Shangazi yangu wa Makorora alishaweka kabisa pesa ya televisheni mpya. "Mwanangu, hii imechoka," akaniambia. Nikapanda juu ya bati. Kichwa cha waya pale kwenye antena kilikuwa na kutu ya kijani, na nilipokikata, nyuzi za ndani zilizotakiwa kung'aa zilikuwa nyeusi kama masizi. Nikauinamisha waya, tone la maji likanidondokea kiganjani. Tukabadilisha waya na vichwa vyake, picha ikatulia jioni ile ile.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naupa waya. Dai RG6 wa omu 75, tena mwambie muuzaji akuchunie ncha uone: ndani pawe na karatasi nyembamba ya rangi ya fedha na nyuzi zilizosukwa kwa wingi. Ukiona vinyuzi vichache vimelala upande mmoja, rudisha. Kichwa kiwe cha kubana au cha kusokota vizuri, kifungwe tepu imara, kwa sababu upepo wa kusi unaleta chumvi hadi Ngamiani, haubaki Raskazone. Na kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie kama tumbo, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiufuate hadi kwenye king'amuzi.

Ya pili ni antena ya nje ya UHF, ile yenye vijiti vingi mfano wa mgongo wa samaki. Chagua ya alumini, na skrubu zake zisiwe za chuma cha kushika kutu. Kabla fundi hajaikaza, tazama antena za majirani wanaoona vizuri: zimeelekea wapi, na vijiti vimelala au vimesimama? Ukikosea hilo la kulala na kusimama, unapoteza mawimbi mengi hata kama uelekeo ni sahihi. Antena ndogo za ndani za kuweka juu ya kabati sizipendekezi, hasa kwenye nyumba ya zege au yenye minazi na miembe mbele yake. Zinashika leo, kesho mtu akipita sebuleni zinaachia.

Nafasi ya tatu ni waya wa HDMI, na hapa nasikitika nikiona watu wanavyopunjika. Mtu ana televisheni ya HD, yaani ya picha ang'avu zaidi, na king'amuzi cha HD, lakini ameviunganisha kwa ule waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya ule haupitishi HD hata kidogo. Picha haikatiki, ila ina ukungu, na maandishi ya matokeo yanasomeka kwa shida. HDMI ya kawaida ya mita moja na nusu inatosha, huna haja ya ile ya bei kubwa.

Dishi nimeliweka la nne. Linafaa sana ukiwa bondeni au nyuma ya mlima kama kule Amani, ambako mawimbi ya mnara yanazuiwa. Lakini mvua kubwa za masika zitakukatia picha, na dishi la bati jepesi likiwa karibu na bahari linaliwa na kutu upesi.

La mwisho ni busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, ingawa madukani ndiyo wanayoitaja kwanza. Fungua menyu ya king'amuzi uone mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, busta haitakusaidia, inakuza mawimbi pamoja na uchafu wake. Inafaa tu pale waya ni mrefu sana, na ifungwe juu karibu na antena, si nyuma ya televisheni.

Na kama ubora umejaa, ila chaneli moja tu ndiyo inatoka vipande wachezaji wanapokimbia, ulizia kwa jirani. Kama na kwake ni hivyo hivyo, hiyo chaneli imebanwa na nyingine nyingi kwenye masafa mamoja huko inakorushwa. Hapo usinunue chochote.