Uzoefu wangu na maktaba ya mji mdogo inayoendeshwa na watu wa kujitolea

Naandika kama mwanachama wa kawaida, mtu wa kuazima na kurudisha, sina cheo pale. Hii maktaba nimeanza kuitumia ikiwa chumba kimoja na meza mbovu, sa hivi ina kona ya watoto, chumba cha kusomea na kompyuta, na wote wanaokaa zamu pale hawalipwi. Watu wakisikia "ya kujitolea" wanadhani ni stoo ya vitabu vichakavu, ndo maana nimeona niandike.

Mwanzoni kweli ilikuwa stoo. Kila anayehama nyumba analeta boksi, maboksi yanapokelewa yote na kupangwa yote, matokeo yake rafu zimejaa mpaka darini lakini unazunguka weee hupati cha kusoma. Ensaiklopidia juzuu la tatu na la saba tu, vitabu vya kompyuta vya enzi za diski za flopi, vitabu vya tiba vya zamani ambavyo mtu akivifuata leo anaweza kujidhuru. Halafu ukungu, boksi limekaa kwenye unyevu miaka, ukiliingiza hivyo hivyo bila kukagua basi vitabu vizima vya jirani navyo vinaanza madoa. Idadi ya vitabu ilikuwa inapanda kila mwezi na wasomaji wanapungua.

Mambo yalibadilika alipojiunga mama mmoja aliyestaafu ukutubi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutoa vitabu, na hapo palizuka kelele, watu wanasema tumechangiwa halafu tunatupa, ni kukosa shukrani. Yeye anafungua kitabu taratibu, anaangalia karatasi ya mihuri kwenye jalada la nyuma, kimeazimwa lini mara ya mwisho, habari zake bado zina ukweli, karatasi bado nzima, kisha anaamua. Alibandika ukutani zile kanuni tano za Ranganathan, mkutubi wa India, za mwaka 1931. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa, ya tano inasema maktaba ni kiumbe kinachokua, na Ranganathan mwenyewe alieleza kwamba kiumbe kinachokua kinapokea vipya na kuachia vya zamani. Nilipoona rafu baada ya ile kazi nikamuunga mkono moja kwa moja. Palipatikana nafasi ya kusimamisha baadhi ya vitabu jalada likitazama mbele, na hivyo ndo vilikuwa vinaondoka haraka, maana msomaji mpya hasomi migongo ya vitabu, anavutwa na picha.

Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote ni daftari moja la kawaida pale mezani limeandikwa VILIVYOKOSEKANA. Ukija unatafuta kitu na hakipo, wa zamu haishii kukwambia hakuna, anaandika mada, tarehe na kama wewe ni mtoto au mtu mzima. Mimi niliandikisha kitabu cha kutengeneza baiskeli. Hela ya michango ikipatikana wanafungua daftari wanahesabu mada zilizojirudia, wanazinunulia hizo kwanza, na anayeomba msaada wa vitabu kwa wahisani anapeleka orodha kutoka humo humo. Kwangu ukuaji wa maktaba hii umetoka kwenye hilo daftari kuliko kwenye lile jengo wanalojivunia, kwa sababu ukikuta kitu ulichokiomba kimewekwa rafuni, utarudi tu, na utakuja na mwenzako.

Upangaji nao umenyooka. Wanatumia namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada uliotoka mwaka 1876, kila mada na namba yake, kwa hiyo ukishajua kilimo ni 630 na tiba ni 610 unaenda mwenyewe bila kumsumbua mtu. Kwa watoto wadogo wameachana na namba, wameweka stika za picha, mnyama, ndege, gari, na mtoto asiyejua kusoma anarudisha kitabu mahali pake vizuri tu kuliko baadhi yetu watu wazima.

Kuazima kulikuwa kwa daftari, baadaye wakahamia Koha, programu ya bure ya maktaba. Hiyo nayo imezaliwa kwenye maktaba za wilaya ndogo kule New Zealand, Horowhenua, walikuwa wanatafuta mfumo mpya wakaamua watengenezewe wa kwao, ukaanza kazi mwaka 2000, kisha wakauachia dunia nzima bure. Ni ngumu kidogo kuiweka kwenye kompyuta ila ikishakaa unaskani ile ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu, taarifa za kitabu zinajileta zenyewe mara nyingi, na mwanachama anajua kitabu kiko nje au kipo.

Faini wameshafuta kwa watoto. Walikuwepo waliosema vitabu vitaisha, lakini maktaba za mji wa Chicago kule Marekani zilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019 na vitabu vilivyokuwa vimepotelea majumbani vikaanza kurudi. Hapa kwetu nimeona watoto waliokuwa wamejificha wakirudi na vitabu vyao mkononi, na kwa hilo pekee nawapa heko.

Sasa yasiyonifurahisha. Saa za kufungua zinategemea nani amepata nafasi, unafika mlango umefungwa na hakuna hata karatasi ya maelezo, kwa mtu aliyetoka mbali inauma sana, wabandike ratiba mlangoni na wakibadilisha waseme. Kona ya watoto imegusana na chumba cha kusomea, wakati wa hadithi huwezi kusoma kitu. Na kuna kipindi yule mama aliumwa, ikagundulika nywila ya Koha anayo yeye peke yake na lebo anajua kuchapa yeye peke yake, vitabu vipya vikakaa kwenye maboksi muda mrefu. Baada ya hapo kila kazi inajulikana na watu wawili, na kila anayeanza zamu anakaa kwanza pembeni ya mzoefu. Hilo lingefanyika mapema.

Kwa nyota natoa nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki siwanyimi wa kujitolea, nawanyima wakubwa wa serikali. Ilani ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, na UNESCO kuhusu maktaba za umma, ile ya 1994 na toleo jipya la 2022, inasema maktaba ya umma ni jukumu la mamlaka za serikali za mitaa na za kitaifa, na huduma zake kimsingi ziwe bure. Wa kujitolea wameibeba hii kazi hadi imekuwa kubwa hivi, wakubwa wasiione inakwenda wakadhani haihitaji mkutubi mmoja wa kuajiriwa, umeme wa uhakika na bajeti ya vitabu.

Kama unataka kujiunga, kadi ni bure na fomu ni ukurasa mmoja. Na kama una maboksi ya vitabu nyumbani, uliza kwanza daftari linataka nini, chagua vizima vinavyoendana, ndo upeleke.