Kisiwa kitamu, ila pweza wamemficha

Nimekaa na jambo hili muda nikisema hasira zitashuka. Hazijashuka, basi wacha niandike.

Ni kimoja cha vile visiwa vidogo vya pwani yetu ya Tanzania ambapo kisiwa kizima ni hoteli moja. Jina naliacha. Picha na bei mtazikuta wenyewe, ila bei kaeni chini kwanza. Wanachouza ni anasa isiyojionyesha: banda la makuti lisilo na mlango wala kioo, hakuna televisheni, hakuna kiyoyozi, viatu unavivua kwenye boti na huvikumbuki tena. Na kazi yao wanaijua. Upepo wa kusi uliingia upande mmoja wa banda ukatokea wa pili, usiku tukajifunika. Pale unapoingilia wameweka mtungi na kata, unaosha mchanga miguuni kabla ya kukanyaga mkeka. Mimi ni mtoto wa pwani, makuti nimeyalalia tangu utotoni, lakini hapo nikaelewa kwa nini kuna watu wanayalipia.

Shida ni pweza.

Mchana ngalawa ilitia nanga, wavuvi wakashusha pweza. Nikawaona vijana wa jikoni wakimpiga juu ya jiwe, minyiri inalegea, povu jeupe linatapakaa. Jioni ikaja harufu ya tui na bizari kutoka nyuma ya ua wa makuti. Nikamwambia mume wangu leo tumefika. Tukaletewa sahani pana, katikati vipande vitatu vya samaki mbichi aliyekatwa mwembamba hadi unaona sahani, na matone ya mchuzi wa kijani pembeni.

Nikamwita meneja. Si mzungu, msije mkadhani. Mtanzania mwenzetu, kijana kabisa.

"Samahani kaka, naomba yule pweza wa nazi, na wali."

"Dada, kile ni chakula cha wafanyakazi."

"Najua. Ndicho ninachokitaka."

"Hakiendani na hadhi ya kisiwa." Akatabasamu. "Wageni wetu wanapenda vitu vyepesi."

Wageni wenu! Na mimi niliyekaa hapo nani? Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nikanyamaza, na ndiyo maana leo naongea. Makuti ya Mswahili mnayataka. Kikoi cha Mswahili mmekikunja vizuri kitandani. Ngalawa ya Mswahili iko kwenye kila tangazo lenu. Ila chungu chake kiwekwe uani, mgeni asikione! Pale Chumbe, karibu na Unguja, wana mabanda saba tu, wanakinga maji ya mvua, wana vyoo vya mboji, na hawaoni haya kumweleza mgeni choo kinavyofanya kazi. Hawa wanaona haya pweza.

Baada ya hapo kila kitu kikaniudhi. Chemli zilizonipendeza jana yake nikaziona ubahili wa umeme. Chai ya asubuhi, kifuko ndani ya maji ya moto, hata mchaichai hakuna, na karafuu zinalimwa ng'ambo tu hapo.

Mchana nikazunguka mwenyewe nyuma ya ua. Mpishi ni mtu mzima, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyemkataa samaki mbichi?"

Kumbe habari zimefika. Kuna pweza aliyebaki, akanipakulia kwenye sahani ya bati. Jamani! Ngozi yake ya zambarau inateleza kwenye ulimi, tui limeshika, pilipili mbuzi imekaa juu nzima ikikungoja uitumbue mwenyewe. Mume wangu, yule wa kukanyaga miguu, aliongeza sahani ya pili, na wafanyakazi wakamsogezea nafasi mkekani. Mwaka huu sijala kitu kikanikaa vile, na nakumbuka nikisema hapo hapo kwamba hela yangu imerudi.

Wakati wa kuondoka nikataka kumpa mzee chochote. Meneja huyo: kuna kisanduku cha bakshishi, hugawanywa kwa wote. Utaratibu huo uko hoteli nyingi na una haki yake, siukatai. Nikatia ya kisanduku mbele ya macho yake, ya mzee nikampelekea mkononi.

Nyota? Nilipanga moja. Lile banda peke yake ni la nne, mzee ana zake tano, yule kijana hata sifuri ataidai hadhi. Basi wekeni tatu. Mume wangu ameshaanza kuulizia bei za msimu wa kaskazi; nimemwambia apige simu kwanza aulize nani yuko zamu.